Besi Upande wa Pili wa Ukuta

Mimi sipendi jazi. Nianze hapo, ili mtu asije akanisifu bure. Kwa miaka thelathini na mmoja niliishi na mwanamume aliyeipenda kupita kiasi, na duka lake na chumba chetu cha kulala vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe, kwa hiyo nimeisikia kuliko wengi wanaojidai kuijua. Lakini kuipenda, hapana. Nikiulizwa nichague, nitachagua kwaya ya akina mama wa kanisa letu, ambao huimba polepole na kumaliza mapema.

Mume wangu aliitwa Wanyoike. Duka lake liko hapa Machakos mjini, nyuma ya soko, kati ya fundi wa viatu na mtu anayeuza mbegu na dawa za kupe. Simu zilipoingia wenzake wote wa biashara ya muziki walifunga. Yeye alibaki, akiwawekea vijana nyimbo kwenye flashi ili tupate unga, na kwa ajili ya roho yake akiuza santuri kuukuu za jazi kwa wateja wasiojaza hata benchi moja. Alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Moyo. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Sasa duka ni langu, na miguu inayovimba ni yangu, na uchovu huu usioisha hata nikilala saa kumi ni wangu pia. Binti yetu Ciku, anayekaa Syokimau, amenitafutia mpangaji, mama wa kusuka nywele, na huyo mama anataka kukuta vyumba vitupu kufikia mwisho wa mwaka.

Kuna jambo lazima niliseme sasa, maana bila hilo haya mengine ni porojo. Siku tano kabla Wanyoike hajafa, nilimwambia neno baya. Ilikuwa Alhamisi. Tangu asubuhi nilikuwa namsemesha habari za paa linalovuja, na hakunijibu hata kwa kuguna. Ilikuwa tabia yake ya miaka mitatu: unaongea, yeye anafuta santuri kwa kitambaa, umekuwa hewa. Mchana ule nikachoka. Nikamwambia, yeye akiwa amenipa mgongo, kwamba ningejua ningeolewa na mtu mwingine, na kwamba siku atakapokufa ndiyo siku nitakayopumzika. Hakugeuka. Alimaliza kufuta santuri, akairudisha kwenye ganda lake.

Jumapili nilimwomba msamaha. Yeye alikuwa mezani anasoma gazeti la juzi, mimi naosha vyombo. Sikuweza kumtazama kwa aibu, kwa hiyo niliyaambia masufuria: Baba Ciku, nisamehe, sikumaanisha yale ya Alhamisi. Nikasubiri. Nilisubiri mpaka povu likaisha kwenye beseni. Aligeuza ukurasa wa gazeti. Jumanne akafa, na mimi nikawa mjane wa mtu aliyekataa kunisamehe.

Watu waliokuja matangani walinipa pole kwa kufiwa. Hakuna aliyejua pole niliyoihitaji. Kila mtu alisema Wanyoike alikuwa mpole, hana makuu, na kila aliyesema hivyo alinichoma, kwa sababu mtu mpole akikataa kukusamehe basi kosa lako ni kubwa kuliko ulivyodhani. Nimetembea na hilo kwa mwaka na miezi.

Mwalimu Musembi alikuja dukani Jumamosi moja ya mwezi wa saba, siku ya baridi, amevaa koti la kahawia lenye kalamu mbili mfukoni. Ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Muthetheni, na nilimkumbuka kwa sura kama mmoja wa wale wateja wa benchi. Alinisalimu kwa sauti kubwa mno kwa duka dogo kama lile. Kabla sijamuuliza anataka nini, alivuta kile kitabu kilichokuwa kwenye kaunta na kuandika.

Nieleze kitabu. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, Wanyoike alinunua daftari la mistari, akalitoboa pembeni na kulifunga kalamu kwa uzi, na tangu siku hiyo kila mteja alitakiwa kuandika anachotaka, hata kama ni wimbo mmoja. Vijana walimcheka. Walikiita kitabu cha maombi, kama kile cha kanisani unachoandika jina la mgonjwa wako ili aombewe. Mimi niliona ni maringo ya uzee, mtu anajifanya ofisi. Alipokufa sikukiondoa, si kwa mapenzi, ni kwamba nilichoka kuondoa vitu.

Musembi aliandika: Jazi. Ziwe zile ambazo besi inasikika mbele ya vyombo vingine. Si lazima ziwe mpya.

Mke mwingine wa muuza santuri angemwambia atafute mwenyewe. Mimi nilicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, maana bila kujua mwalimu alikuwa ameuliza kitu pekee ninachokijua. Majina ya wanamuziki siyajui. Nchi zao sizijui. Lakini kila mchana, tangu miguu ilipoanza kunisumbua nikiwa na miaka thelathini na kitu, nimekuwa nikilala kuanzia saa nane hadi saa kumi, miguu juu ya mto, kichwa kikiegemea ule ukuta. Na ukuta wa mawe una ubaguzi. Tarumbeta haipiti. Mwimbaji hapiti, hata awe anapiga mayowe. Piano inapita vipande vipande. Kinachopita chote, bila kukatwa, ni besi, lile gitaa kubwa la kusimama linalomshinda mpigaji wake kimo. Kwa hiyo mimi jazi yote ya Wanyoike ninaijua kwa upande wa chini tu. Santuri ambazo besi yake ni ya uvivu ninazijua, na zile ambazo ilikuwa inanizuia kulala ninazijua zaidi.

Nilimshushia tatu. Kwa kuwa sikuwa na majina yao, nilikuwa nimezipa yangu, na sikuona haya kumtajia. Ya kwanza naiita Mzee wa Ngazi: besi inashuka, inashuka, unadhani imefika chini, kumbe kuna ngazi nyingine. Hiyo ni ya kumpa mtu ambaye hajazoea, kwa sababu mpigaji hana haraka na kila noti anaiacha ikae. Ya pili ni Mkopeshaji, maana inatembea kwa hatua sawasawa kuja kwako na haigeuki. Wengine wote humo ndani wanacheza na kubishana, yeye anatembea tu, na bila yeye wangeanguka. Ya tatu sikuipa jina la kuchekesha. Ni ya besi peke yake, upande mzima wa santuri, mtu mmoja na nyuzi nne, na katikati anatumia ule upinde wa fidla hadi ukuta unanguruma. Nilimwambia mwalimu hiyo asiisikilize akiwa na njaa.

Alisoma midomo yangu, sasa najua, lakini siku ile niliona tu mtu anayenitazama kwa heshima anaponisikiliza, na nikafurahi. Mwanamke wa umri wangu hatazamwi sana. Akaketi kwenye kiti cha Wanyoike, nikampigia Mzee wa Ngazi, naye akaweka kiganja juu ya sanduku la spika. Alikaa hivyo hadi mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu alipoinuka, nikadhani ni vumbi.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kuandika kwamba anataka nyingine. Nikampa mbili: moja ambayo besi na ngoma wanasemezana wenzao wakiwa wametoka nje, na moja ya gitaa la besi la umeme, ambayo mimi nilikuwa naichukia kwa sababu ilikuwa inatikisa glasi yangu ya maji, lakini hakuna anayeweza kusema besi yake haisikiki. Nilimwonya kuhusu santuri moja yenye picha nzuri ya besi kwenye ganda. Wanyoike aliipenda zamani, lakini ukutani ilikuwa kimya kabisa. Yule mpigaji wamemweka kwenye picha na kumsahau kwenye muziki. Mwalimu alicheka sana kwa hilo, na kwa sababu alicheka nikampikia chai.

Nilianza kuingojea Jumamosi. Sikatai. Ciku alipopiga simu kuniuliza nimefikia wapi kutoa vitu, nilimwambia naendelea, na kweli nilikuwa naendelea, ila nilikuwa nazipanga santuri badala ya kuzitoa. Nilizipanga kwa mafungu: besi nzuri, besi ya wastani, besi ya kulala. Ciku akasema nimeanza kuzeeka vibaya. Nikamwambia ajaribu yeye kuzeeka vizuri tuone.

Jumamosi ya tatu nilimkuta Musembi tayari ameketi, ameielekea mashine, mgongo kwangu, kiganja juu ya spika. Nilimuuliza kama atakunywa chai ya tangawizi. Kimya. Nikauliza tena, kwa sauti. Kimya. Nikasimama mlangoni na birika mkononi nikimtazama ule mgongo wa kahawia, na mara ya tatu nilipouliza na kukosa jibu kitu kikanipanda kutoka miguuni. Nikaenda nikaizima mashine.

"Hata wewe?" nikamwambia. "Kwani mimi niko na nini, kila mwanaume akikaa hicho kiti ananinyamazia?"

Alishtuka hadi magoti yakagonga meza. Akaniangalia mdomoni, kisha machoni, kisha mdomoni tena, na uso wake ukaanguka.

"Pole, Mama Ciku," akasema. "Sijakusikia. Sikusikii. Nikiwa nimeangalia kando hakuna mtu nasikia."

Akanieleza, na alieleza kama mwalimu, kwa mpangilio. Kusikia kwake kunaisha, na kunaisha kuanzia juu. Walimchorea hospitalini kwenye karatasi: mstari unaanza vizuri upande wa sauti nzito, halafu unateremka ghafla. Kwanza aliwapoteza ndege. Halafu mlio wa simu. Halafu watoto wa gredi ya kwanza, anaowaona wakifungua midomo na kufunga. Halafu wanawake. Sauti ya mke wake Ndila, alisema, imebaki mvumo usio na maneno. Wameshamwambia avae vifaa vya masikio na amekataa, kwa sababu amebakisha mwaka mmoja na nusu kustaafu na hataki wamwondoe mapema kama mgonjwa. Akiwa na mtu uso kwa uso anasoma midomo. Mtu akigeuka, amekwenda.

"Besi ndiyo imebaki," akasema. "Hiyo bado inanifikia yote, haijakatika. Nikisikiliza besi nasahau kama niko na shida."

Nilimuuliza mke wake anasemaje. Akatikisa kichwa. Ndila hajui. Akimwambia, ataanza kumtamkia maneno kama mtoto mbele ya watu wa kanisa.

"Na yeye anaona nini?" nikamuuliza. "Huko nyumbani, mtu akiwa hivyo, inakaa aje?"

"Inakaa kiburi," akasema. "Anaona namdharau. Mimi naona mdomo unaenda, nasema sawa, sawa. Nikichoka kusema sawa, nanyamaza."

Nikaweka birika chini. Nadhani nililiweka juu ya ganda la santuri, maana baadaye nilikuta duara jeusi. Musembi alikuwa bado anaongea, kwamba kitabu kile kilimsaidia sana, kwamba mzee alikuwa amepata akili nzuri kubuni kitabu, na kwamba ni mzee aliyemshauri asikilize besi, siku ile walipokutana kwenye foleni. Nikamuuliza foleni gani. Akanitazama.

"Ya masikio," akasema polepole. "Kwani hakukuambia? Alikuwa mbele yangu, miaka minne nyuma. Yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Alisema atakuambia Krismasi."

Krismasi nne zimepita tangu hapo, na tatu kati ya hizo alikuwa hai.

Nilimwomba mwalimu aende nyumbani. Nilimwambia nikimtazama, ili asikie. Lakini kabla hajatoka nilimwambia pia akamwambie mkewe, leo hii, na akakataa, akanisihi nami nisimwambie mtu. Nikamwahidi. Nilikuwa nimechoka, na kuahidi ni rahisi kuliko kubishana.

Halafu nikafunga mlango na kukaa kwenye kile kiti.

Mambo yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, kama watu wanaoingia matangani. Simu yake iliyokuwa inalia mfukoni naye haijibu, nikimwambia anawakimbia jamaa zangu. Kuacha kwake kwenda kwenye ushirika wa nyumbani, ambako watu huomba kwa sauti za chini, nikisema imani imepoa. Na santuri zenyewe. Zamani ukuta ulikuwa unanyamaza mchana kutwa, akipiga za waimbaji na tarumbeta, na mimi nalala vizuri. Miaka ile ya mwisho ukuta haukupumzika. Besi, besi, besi, na kila mwezi kubwa zaidi, hadi nikaamini ananifanyia makusudi kwa kuwa anajua kichwa changu kiko upande wa pili. Kumbe alikuwa amerudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali pa mwisho palipobaki na muziki.

Na kuna usiku wa ugali na sukuma ambao nilikuwa nimeusahau, au nilijidai nimeusahau. Tulikuwa mezani nikimlalamikia jambo. Akainuka, akaenda dukani, akarudi na kile kitabu cha maombi. Akakiweka mbele yangu, akafungua ukurasa mweupe, akanipa kalamu. "Niandikie," akasema. Mimi nikaona mwisho wa dharau umefika: mke wa miaka yote hiyo anageuzwa mteja, apange foleni. Nikakisukuma kikaanguka chini. Nikamwambia mimi si wa flashi. Alikiokota, akakipangusa, akakirudisha dukani, na hakunipa tena. Siku mbili sikumpikia.

Angeweza kusema. Nina hasira naye kwa hilo hata leo, na sitaificha kwa kuwa amekufa. Mtu anayeweza kusema niandikie anaweza kusema sisikii. Lakini alikuwa mwanamume wa kwao, aliyehamia mji wa watu na baba yake akiwa na kibanda cha viazi, akajifunza mapema kwamba udhaifu hauonyeshwi kwa mteja. Mimi nami nilikuwa mwanamke wa kwetu. Sikuuliza mara mbili.

Jambo la furaha lilifika la mwisho, na lilinipata nimekaa vibaya. Alhamisi ile. Alikuwa amenipa mgongo. Hakusikia. Neno lile nililolibeba mwaka na miezi, nikilala nalo na kuamka nalo, halikuwahi kufika kwake. Hakugeuka kwa sababu hapakuwa na cha kumgeuza. Alikufa hajui kwamba niliwahi kutamani apumzike nipumzike. Nilicheka peke yangu mle dukani, nikamshukuru Mungu kwa Kikikuyu, na machozi yakanitoka kwa wepesi. Nilikuwa mwepesi kwa muda wa kama dakika kumi.

Baada ya hapo nikakumbuka Jumapili: kama hakusikia neno, basi hata msamaha wangu hakuusikia.

Sitaeleza siku zilizofuata. Nilifungua duka, nikafunga. Jumatano nilikuwa mlangoni nimeweka miguu juu ya kreti ya soda, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani akasimama mbele yangu na mkoba mkubwa wa safari. Alinisalimu kwa Kikamba, nikamjibu kwa Kikamba changu cha sokoni. Akauliza kama mimi ndiye mjane wa muziki. Nikasema ndiye. Akasema yeye ni Ndila, bibi ya Mwalimu Musembi, na kwamba alitaka kuniona kwa macho yake kabla hajapanda gari.

Nilimvutia kiti. Hakukaa. Hakuwa na makelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa mtu aliyemaliza kugombana zamani. Alisema hafikirii kwamba mimi na mumewe tuna jambo, akinitazama miguu aliona wazi hatuna. Lakini alitaka kujua ni nini mumewe anakipata hapa kila Jumamosi ambacho hakipati kwake. Nyumbani haongei. Anamsemesha anajibiwa sawa. Alipofiwa na dada yake, mwezi wa tano, alipokea simu jikoni, akamwambia Musembi aliyekuwa sebuleni, na Musembi akajibu sawa, akaendelea kusahihisha madaftari. Hilo alikuwa hajamwambia mtu.

"Leo asubuhi nimemwambia naenda kwetu Kivaa na sirudi," akasema. "Alikuwa anavaa soksi. Unajua amenijibu nini? Ameniambia nisisahau chumvi."

Nilikuwa nimeahidi. Nataka ieleweke kwamba nililikumbuka hilo, na kwamba mimi si mtu wa kuvunja ahadi za watu. Mwalimu aliniamini, na pengine hatakanyaga tena hapa dukani, na Jumamosi zangu zitakuwa zile za zamani. Nililipima kwa muda wa kushusha miguu kutoka kwenye kreti.

"Mama," nikamwambia, "huyo mtu hajakukasirikia. Hakusikii."

Nikamweleza yote, karatasi ya hospitali, mstari unaoteremka, watoto wa gredi ya kwanza, vifaa alivyovikataa. Nilimweleza pia kwamba ameniomba nisiseme, ili ajue ameambiwa na mwongo. Alisimama na mkoba wake mkononi hadi nikamaliza. Kwanza alikasirika. Alisema yeye si mtoto wa kufichwa, kwamba ameoshea huyo mtu nguo kwa miaka ishirini na sita na masikio yake ni yake pia. Nikamwambia ana haki. Halafu nikaona anarudi nyuma kichwani, kwenye mambo yake mwenyewe, mlango mmoja hadi mwingine. Alipofika kwenye simu ya dada yake akakaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye mkoba.

"Kwa hivyo hakujua dadangu Mbithe amekufa wakati nilimwambia," akasema. "Alijua tu wakati watu walikuja."

Mtu wa mbegu alipita akatusalimu, tukamwitikia wote wawili kama watu wanaofahamiana zamani. Nikaingia ndani nikaleta chai, mara hii nikaweka birika chini vizuri. Ndila alikunywa nusu kikombe, akafungua simu, akaangalia saa. Gari la Kivaa lilikuwa limeshaondoka, na la Muthetheni lingejaa baada ya saa moja.

Akaniuliza, bila kunitazama, mtu wa namna hiyo anasemeshwa vipi. Kama ni kupiga kelele, yeye hana nguvu za kupiga kelele kila siku.

"Usipige kelele," nikamwambia. "Mguse kwanza, bega. Ageuke. Ukae mbele yake penye mwanga, mdomo wako auone. Halafu sema polepole, kitu kimoja kimoja."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaanza kuinuka.

"Na kama kuna kitu unataka akusamehe," nikasema, "hiyo usiseme ukiwa unaosha vyombo."

Aliuliza kwa nini vyombo, na mimi nikamwambia.